Dakika Tatu kwa Kifaransa

Kabla ya vita sikuhitaji kujifunza Kifaransa, kwa sababu nilikuwa nimekizaa. Binti yangu wa pekee alikuwa na miaka kumi na mmoja, akisoma darasa la tano la msingi, na kila mahali palipotaka Kifaransa nilimtanguliza yeye. Ofisi ya komini inayotawala mtaa, zahanati, wale wa kodi ya soko: mimi nilisimama nyuma nimekunja mikono, yeye mbele na soksi zake zilizoshuka, akisema kwa niaba yangu. Siku moja karani alimwuliza kama mama yake ni bubu. Mtoto alimjibu bila kupepesa macho, na tulipotoka nje akanitafsiria: "Nilimuambia weye haiko bubu, unachoka tu na maneno yao." Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani Mudzipela, mtaa wetu wa Bunia.

Mimi shule niliiacha mwaka wa pili. Nilikuwa fundi wa nguo, mjane, mwenye ulimi mkali kwa Kiswahili na usio na faida yoyote kwa Kifaransa. Mashine yangu ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na ilikuwa kilema. Kila baada ya mishono mitatu iliruka mmoja: tak-tak-tak, kimya; tak-tak-tak, kimya. Nilijifunza kukirudisha kitambaa nyuma kidogo kwenye kile kimya, na hakuna mteja aliyewahi kugundua. Binti yangu alilala kwa sauti hiyo tangu akiwa mgongoni kwangu.

Mwaka ule nilimshonea sketi mpya ya shule, ya bluu, na ndani, upande wa kushoto, nikaweka kamfuko kadogo ambako hakaonekani. Humo alikuwa anaficha sukari iliyofungwa kwenye karatasi, kwa maana wasichana wakubwa wa shule walikuwa wananyang'anya. Siri hiyo tuliijua wawili tu. Hata mama yangu mzazi hakuijua, na yeye huwa anajua kila kitu.

Likizo ilipofika mtoto alikwenda Nizi kwa huyo mama yangu, kama likizo zote. Aling'ang'ania kuvaa sketi ile mpya ili aringe. Wiki ya pili barabara ikafungwa, wiki ya tatu tukaona moshi upande ule, na baada ya hapo nikawa mtu wa kusimama kando ya barabara kumwuliza kila anayefika na mzigo kichwani. Miezi ilipita. Mwishowe mwanamke mmoja aliyepitia Mahagi alinikazia macho kwa muda mrefu, kisha akashika mdomo.

"Mama, weye uko muzima?" aliniuliza. "Kule banakulilia. Banafanya matanga yako!"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba binti yangu na mama yangu walikimbilia Mahagi, wako hai, na kwamba mtu fulani alikuwa amewapelekea habari kuwa nyumba za mtaa wetu ziliungua na mimi nikiwa ndani. Zilizoungua zilikuwa za mtaa wa tatu kutoka kwetu. Lakini nani atakwenda kuhesabu mitaa katika vita? Walinyoa nywele, walikaa chini siku tatu, wakanizika bila mwili. Nilifurahi, kisha papo hapo nikapandwa na hasira: kuna watu wamekula maharagwe kwenye matanga yangu, na mimi nikiwa Mudzipela napiga pasi.

Mwanamke yule aliniambia jambo lingine, na hilo lilinitoa furaha yote. Ndugu zetu wa Mahagi walikuwa wanajiandaa kuvuka mpaka kwenda Uganda, kwenye kambi za wakimbizi, na mtoto wangu pamoja nao. Mtoto ambaye anaamini hana mama hana sababu ya kubaki. Akishavuka, nitamtafutia kambi gani? Nilituma barua mbili kwa watu wa malori. Barabara ilizimeza zote mbili.

Ilibaki foni. Foni ni redio ya kuzungumzia: unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikiliza, na ukimaliza lazima useme *à vous*, yaani zamu yako, la sivyo mwenzako atabaki anangoja. Mjini Bunia kulikuwa na shirika la wageni lililokuwa na foni, na kila Alhamisi walifungulia watu wazungumze na jamaa zao wa Mahagi. Kila mtu dakika tatu. Ilikuwa bure. Ila mlangoni walikuwa wamebandika sharti: Kifaransa tu, na kila mtu kwa mdomo wake mwenyewe. Siku za nyuma mtu mmoja alijifanya anamsalimia shangazi yake kwa lugha ya nyumbani, kumbe anapeleka habari za askari wamelala wapi. Tangu hapo yule mzungu wa foni, mrefu, mwenye ndevu nyekundu, alitaka kusikia kila neno kwa masikio yake. Wakalimani hakuwataka. Kila mkalimani alikuwa na kabila lake, na kila kabila lilikuwa na watu wa kuliogopa. Sikuweza kumlaumu.

Nilikwenda na *bonjour* yangu moja. Nilisema *bonjour*, naye akajibu *bonjour* vizuri kabisa, kisha akaendelea na sentensi ndefu yenye swali mwishoni. Nikageuka nyuma kumtafuta binti yangu anitafsirie.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni tu. Nilisimama pale, mwanamke mzima, machozi yakanitoka mbele ya foleni yote, na mlinzi wa mlango akanishika mkono taratibu. "Pole mama. Sheria njo ile. Kila mutu na mudomo yake."

Mtu mmoja wa foleni, aliyekuwa na Kifaransa chake, alinikatia kidogo kwenye dakika zake akasema kule Mahagi kwamba mama wa yule msichana yuko hai. Jibu lilikuja Alhamisi iliyofuata: bibi amesikia, anashukuru, lakini mtoto amesema watu wanamfariji tu. Nilimjua mtoto wangu. Ana kichwa kigumu, na alikirithi kwangu. Angeamini sauti yangu tu.

Siku zile soko letu lilikuwa la ajabu. Kila baada ya uporaji, vitu vya nyumba za watu vilitokea mezani: masufuria yenye alama za wenyewe, picha za harusi ndani ya fremu, milango. Watu walikwenda kununua viti vyao wenyewe. Ndipo nilipokuta kinanda kidogo cha kaseti na boksi la kaseti tatu, likiwa na picha ya mnara mrefu wa chuma. Jirani yangu ndiye aliyetambua ni kitu gani. Alikuwa mama mfanyabiashara wa kutoka Butembo, mnene, mcheshi, aliyewahi kufanya biashara mpaka Kasese na kurudi na Kiingereza cha kutosha kulaumiana na Waganda. Aligeuza boksi, akasoma kwa kidole.

"Ni masomo ya Kifaransa. Ya batu bakubwa, si ya batoto. Kaseti iko ine, lakini ya tatu haiko."

"Ya tatu ni ya nini?"

Alisoma tena. "Ya familia."

Bila shaka. Katika kaseti nne, ya familia ndiyo iliyopotea. Nilinunua hivyo hivyo. Ndani ya boksi palikuwa na jina la mwenyewe kwa kalamu, mwandiko mzuri wa mtu wa ofisi, nami nilimwomba radhi popote alipokuwa. Bado namwomba.

Betri zilikuwa adimu kuliko nyama. Za Uganda hazikufika, na zilizokuwa dukani zilikuwa zimefia dukani. Kwa hiyo tulifanya kama watu wote wa Bunia walivyofanya: asubuhi betri nne nazianika juu ya bati, zinaota jua mpaka zishindwe kushikika, na saa sita mchana nazirudisha kwenye kinanda zikiwa na moto. Hapo nina nusu saa, siku nyingine robo. Kaseti ikianza kunguruma, somo limekwisha.

Wiki ya kwanza nilijitia aibu ambayo jirani yangu aliisimulia hadi mwisho wa vita. Ndani ya kaseti walikuwa wanasema watu wawili, mwanaume na mwanamke. Mwanaume anasema, mwanamke anasema, kisha kimya, na mimi kwenye kile kimya nilirudia yote, ya mwanaume na ya mwanamke, kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Siku ya tano jirani alikuja kuazima chumvi, akasimama mlangoni, akaanza kucheka akishika mbavu.

"Weye mama, huyu mwanaume anasema Kingereza! Anatafsiria Bazungu bengine. Acha ye! Fuata mwanamuke."

Kumbe nusu ya Kifaransa changu chote ilikuwa Kiingereza. Nilikasirika, nikamfukuza bila chumvi, kisha nikamwita arudi, maana nilikuwa nimeelewa kitu: mwanaume yule alikuwa anaeleza maana, na jirani yangu alikuwa anamwelewa mwanaume yule. Tangu siku hiyo darasa letu lilikuwa na watu wanne. Mwanamke wa kaseti anasema Kifaransa, mwanaume anaeleza kwa Kiingereza, jirani ananigeuzia kwa Kiswahili huku akimenya ndizi, na mimi nakanyaga mashine na kurudia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama mbele ya kinanda.

Kwa nini nakanyaga mashine? Kwa sababu kazi hazikungoja, na pia kwa sababu kile kimya cha kaseti na kile kimya cha mashine vilipatana. Tak-tak-tak, natega sikio, kimya, nasema.

Mwalimu wangu nilimpenda mara moja. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, na alisema polepole mno, kila neno akiliweka chini kwa mikono miwili. Nilimwona moyoni: mama wa makamo, mnene kidogo, mjane labda kama mimi, mtu aliyezika na kulea na asiyeona sababu ya kukimbia. Kifaransa cha redio kilinipita masikioni kama pikipiki. Cha kwake kilinisubiri. Nilimshukuru kwa uvumilivu wake, nikamwiga kila kitu, hata pumzi. Jirani alisema hata yule Mwingereza ana usingizi, lakini akafikiri labda kwao wanasema hivyo, ni Waganda tu wanaokimbiza.

Tatizo lilikuwa yale tuliyofundishwa. Nilijifunza kuagiza kahawa na sukari. Nilijifunza kuuliza treni ya Lyon inaondoka saa ngapi, mimi wa Bunia, ambapo hata lori halikuwa likiondoka. Nilijifunza kuomba chumba chenye dirisha linalotazama uani. Kaseti ya nne ilikuwa ya dukani: natafuta sketi, natafuta ya bluu, hii ni kubwa, hii ni ndogo, mfuko uko wapi, uko ndani, uko kushoto. Nilikuwa na maneno ya kununua nguo nzima Ufaransa, na sikuwa na la kumwambia mtoto nimekukumbuka. Siku nyingine nilizima kinanda kwa hasira nikamwambia mwalimu wangu, kwa Kiswahili, kwamba kahawa yake ainywe mwenyewe. Kesho yake saa sita nilimwomba msamaha, maana ndiye pekee niliyekuwa naye.

Majirani walizoea. Ukipita na ndoo ya maji mchana ulisikia watu wazima wakitupiana uani, "Bwana, kahawa na sukari, tafadhali," kwa ile sauti nzito ya kaseti, na wakicheka. Nilifurahi kusikia kicheko, hata nilipokuwa mimi ndiye ninayechekwa.

Halafu vita viliingia mjini penyewe. Sitaki kuvieleza, wanaovijua wanavijua. Nilikimbia na kichwa cha mashine kichwani, miguu ya mashine niliiacha. Kinanda na kaseti nilivifunga mgongoni kwa kitenge, na mwanamke mmoja njiani aliniuliza mtoto ana umri gani. Tulifika kambini karibu na uwanja wa ndege, mimi na jirani yangu, tukajenga kibanda cha hema la plastiki na vijiti. Siku ya nne nikaanika betri juu ya kifuniko cha sufuria.

"Weye hauna haya?" jirani aliniuliza. "Batu banalia, weye unatafuta treni ya Lyon?"

"Natafuta mutoto," nikamjibu. Akaja kukaa karibu na kinanda, akaanza kutafsiri.

Foni nayo ilihamia kambini, ndani ya hema la wageni kando ya seng'enge. Sharti lilikuwa lile lile, na mzungu alikuwa yule yule, sasa amekonda. Nilipeleka ombi langu, na kule Mahagi wakatangaza jina la mama yangu kanisani ili wamlete mtoto Alhamisi. Habari zilizorudi zilikuwa kwamba ndugu wanavuka Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi ile au basi tena.

Nilitayarisha sentensi nne, nikazirudia mpaka jirani akazijua kuliko mimi. Mimi ni mama. Niko hai. Usivuke mpaka. Ningoje. Baadhi ya maneno tuliyaomba kwa watu wa kambini, neno moja kwa huyu, moja kwa yule, kama mtu anayeomba chumvi mlango kwa mlango. Nilipoingia hemani nilivaa kitenge kilichokuwa safi kidogo. Mzungu aliniuliza jambo, nikalielewa: nataka kuzungumza na nani? Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu wangu, nzito, polepole. Aliinua macho akanitazama kwa heshima ambayo hakuna ofisi iliyowahi kunipa, akanisogezea kiti.

Yaliyosemwa pale nayaandika kwa Kiswahili, lakini yote yalikuwa Kifaransa. Foni ilikoroma, ikapiga mluzi, kisha nikamsikia. Sauti ilikuwa imekua. Alikuwa anasema kwa ile sauti ya shuleni, ya kumjibu mwalimu.

"Nasikiliza. Ni nani? *À vous*."

Nikabonyeza. "Mimi ni mama yako. Niko hai. Usivuke mpaka. Ningoje. *À vous*."

Nilikuwa nimesema yote bila kosa. Nilimtazama mzungu kama mwanafunzi anayengoja alama. Foni ilikoroma.

"Hapana, *madame*," mtoto alisema. "Mama yangu hajui Kifaransa. Mama yangu hasemi hivyo. Mama yangu amekufa. *À vous*."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu, kasoro hilo. Miezi yote nilijifunza lugha ili mtoto anijue, na lugha hiyo ndiyo iliyomfanya asinijue. Kiswahili kilikuwa kimejaa mdomoni. Neno moja tu kwa Kiswahili, jina tu la utani nililokuwa namwita tangu anyonye, na angeruka kwa furaha kule. Lakini kidole cha mzungu kilikuwa karibu na swichi, na nilijua kwamba atakata. Alishakata watu mbele yangu, huku uso wake ukiwa umeumia. Saa ilikuwa inakwenda. Kwenye foni palikuwa kimya.

Kimya hicho nilikijua. Nilikuwa nimekaa nacho kila siku ya jua. Kilikuwa zamu yangu.

"Sketi," nikasema. "Natafuta sketi. Ya bluu. Ya shule. Mfuko uko wapi? Mfuko uko ndani. Uko kushoto. Ni mdogo. Ndani ya mfuko, sukari." Nikataka kusema mimi ndiye niliyeishona, lakini kushona hakukuwa kwenye kaseti. Watu wa dukani wananunua tu, hawashoni. "Sketi, mimi," nikasema. "Mimi, mashine." Basi, neno likakosekana kabisa, nikasogeza mdomo karibu nikafanya kama mashine yangu: tak-tak-tak, kimya. Tak-tak-tak, kimya. Tak-tak-tak, kimya.

Mzungu alinyanyua mkono. Nikamtazama nikiwa naendelea. Ile haikuwa lugha ya kabila lolote. Mkono wake ulibaki hewani, kisha akaushusha juu ya goti lake.

"*À vous*," nikasema.

Foni ilikoroma kwa muda mrefu. Niliwaza kwamba amekwenda. Halafu nikasikia mtu anavuta pumzi karibu mno na kipaza sauti, ile pumzi ya mtoto anayezuia kilio mbele ya watu, na baada yake sauti ndogo, si ya shuleni tena.

"*Maman*," alisema. "Rudia. *À vous*."

Nikarudia. Mwalimu wangu alinizoesha kurudia. Nilirudia mashine, nikarudia sketi, nikarudia sukari, nalia na kusema, na hakuna herufi hata moja iliyovunja sharti. Mzungu aligeuza uso akatazama ukuta wa hema. Zikabaki sekunde chache, na mtoto wangu, ambaye kichwa chake kigumu kilikuwa kimesharudi mahali pake, akaniuliza nani amenifundisha.

"Kaseti," nikasema. "Ningoje. Halafu njoo. Leta betri. *À vous*."

"Sivuki," alisema. "Naleta."

Zilikwisha dakika tatu. Nilitoka nje, jua likanipiga usoni, na jirani yangu aliyekuwa amesimama kwenye foleni akiuma kitenge chake akaona uso wangu akaanza kupiga vigelegele kabla sijasema lolote. Siku ile sikurudi kibandani kwa miguu yangu. Wanawake walinibeba, nami nikiwagombeza waniteremshe.

Walifika baada ya barabara kutulia, juu ya lori la maharagwe, mama yangu akiwa mbele kwa dereva akimkaripia kuhusu mashimo, mtoto juu ya magunia. Sketi ilikuwa imepanda juu ya magoti na bluu yake imepauka. Kabla ya kunikumbatia aliikunja kiunoni kidogo, upande wa kushoto, akanionyesha kamfuko kakiwa bado kazima. Mama yangu alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Nilikulilia vizuri sana, sasa utanirudishia zile machozi," kisha akanishika akashindwa kuniachia.

Betri binti yangu alizileta nne, mpya, za Uganda, bado ziko kwenye karatasi yake. Kesho yake mchana tulikaa wote kibandani, jirani na mama yangu pia, nikasema sasa nitawajulisha kwa mwalimu wangu. Niliwaeleza alivyo: mama mzima, mzito, mvumilivu, mtu wa kuheshimiwa. Nikaweka betri. Sikuzianika, hazikuhitaji. Nikabonyeza.

Kikatoka kisauti chembamba cha msichana, kinakimbia, kinacheka, maneno yanakanyagana, kahawa na sukari na treni ya Lyon vyote kwa pumzi moja. Hata yule Mwingereza alikuwa kijana. Jirani yangu alizitazama zile betri mpya, akashika mdomo. Nilizima, nikatoa kaseti, nikaigeuza pande zote mbili, nikaitazama karatasi iliyobandikwa juu yake. Nilijisikia vibaya kweli, kama niliyefiwa.

"Huyu haiko ye," nikasema. "Mwalimu yangu hasemi hivi. Banabadilisha kaseti."

Binti yangu alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko, machozi yanamtoka, sukari imejaa mdomoni.

"Mama," akasema, "na miye kule Mahagi, kwa foni, njo vile nilisema."